Sindano za Kichina: Jinsi zinavyotuliza maumivu, na dawa zinazoweza kuziharibia kazi

MAUMIVU hayachagui kazi wala mshahara. Mchumaji wa majani chai kule Othaya hubeba kikapu mgongoni tangu alfajiri. Mkulima wa kahawa wa Mukurwe-ini huinama na kujinyoosha mchana kutwa. Mwendeshaji bodaboda wa Karatina, karani wa ofisi mjini Nyeri na mama wa soko la Nanyuki anayeinua magunia ya viazi, wote hufika jioni wakishika kiuno.

Mara nyingi tiba ya kwanza ni vidonge vya dukani. Vidonge vikianza kuunguza tumbo, au vikikosa kusaidia, mgonjwa huanza kutafuta njia nyingine. Ndipo jirani au mwenzake kazini humwambia habari za sindano za Kichina, yaani akupancha.

Mgonjwa huyo huwa na maswali mawili. La kwanza: je, sindano hizo zinatuliza maumivu kweli au ni mazingaombwe? La pili: je, naweza kuchomwa huku nikiendelea kumeza dawa zangu? Swali hili la pili watu wengi hawaliulizi kabisa, ilhali ndilo linaloweza kuamua kama sindano zitafaa, zitakosa kufaa, au zitaleta madhara.

Ili kuyajibu yote mawili, ni lazima tuingie kwanza ndani ya uti wa mgongo na ubongo, tuone maumivu husafiri vipi na nani huyazuia njiani.

Tiba yenye safari ndefu

Akupancha imetumika China kwa zaidi ya miaka 2,000. Mtabibu huchoma sindano nyembamba, zisizo na tundu wala dawa ndani, katika sehemu maalumu za mwili. Sehemu moja inayotumika sana huitwa Hegu, nayo iko kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Nyingine ni Zusanli, iliyo chini kidogo ya goti. Mtabibu huzisokota sindano kwa vidole, au huziunganisha na mashine inayopitisha umeme mdogo.

Katika Afrika Mashariki tiba hii ilifuata nyayo za madaktari wa China. Timu za madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu zilianza kutumwa Zanzibar mwaka 1964, na zile za mkoa wa Shandong zikafika Tanzania Bara mwaka 1968. Nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi uitwao Pan African Acupuncture Project ulianza kuwafunza wahudumu wa afya wa huko kutumia sindano hizo. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitambua rasmi tiba za kiasili na tiba mbadala.

Watu wa Magharibi walishtuka mwaka 1971. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua kibole akiwa Beijing na akapasuliwa huko. Hadi leo wengi husimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano tupu. Sivyo. Alidungwa dawa za kawaida za ganzi. Sindano za akupancha alichomwa baada ya upasuaji, tumbo lilipomsumbua, naye akaandika kwamba alipata nafuu. Habari hiyo iliwafanya wanasayansi wengi waulize: kuna nini hasa?

Maumivu husafiri kwa neva

Ukikanyaga mwiba, maumivu unayaona kwenye unyayo, lakini yanatambuliwa na ubongo. Neva za mguu hupeleka habari hadi kwenye uti wa mgongo. Humo habari hukabidhiwa neva nyingine, ambazo huipandisha hadi kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosema, "Hapa pana uchungu."

Kuna neva nyembamba, ambazo hupeleka maumivu polepole, na kuna neva nene, ambazo hupeleka habari za kuguswa na kubanwa kwa kasi kubwa. Ndiyo maana ukigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, kwanza unahisi mgongano, kisha baada ya kitambo kidogo ndipo uchungu unakuja.

Mwaka 1965, watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Anayejua mashamba ya mpunga ya Mwea ataelewa upesi. Maji hutoka mtoni, lakini kiasi kinachoingia shambani hutegemea lango la mfereji limefunguliwa kiasi gani. Vivyo hivyo, habari za maumivu hufika kwenye uti wa mgongo, lakini zinazopanda hadi kwenye ubongo hutegemea lango. Neva nene zikisisimka, lango hupungua upana. Hii ndiyo sababu mtoto akijigonga, mama humsugua mahali palipoumia na kilio hupungua.

Sindano ya akupancha nayo husisimua neva. Jambo hili lilithibitishwa kwa njia rahisi. Watafiti wa China walidunga prokeini, dawa ya ganzi, kwenye nyama ya mahali pa Hegu kabla ya kuchoma sindano ya akupancha. Sindano haikutuliza chochote. Kumbe bila neva kupeleka habari, hakuna nafuu.

Lakini lango peke yake halitoshi kueleza yote. Profesa Han Jisheng wa Beijing, aliyeanza utafiti huu mwaka 1965, aliona kwamba mtu akichomwa, uwezo wake wa kustahimili maumivu hupanda polepole kwa muda wa kama dakika 30. Sindano zikitolewa, uwezo huo hushuka polepole vilevile. Nusu yake hupotea kila baada ya dakika kama 16. Lango lingefunguka na kufungwa mara moja. Mwendo huu wa polepole ulimfanya Han ashuku kwamba kuna kemikali inayotolewa mwilini.

Mofini inayotengenezwa na mwili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Han na wenzake walichukua sungura, wakamtibu kwa akupancha, kisha wakatoa maji yanayozunguka ubongo wake na kuyatia kwenye ubongo wa sungura mwingine ambaye hakuwa ameguswa na sindano. Sungura yule wa pili naye akapunguza kuhisi maumivu. Kitu fulani kilikuwa ndani ya maji yale.

Jibu lilikuja kutoka upande mwingine wa dunia. Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Marekani walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vya mofini, mfano wa kufuli zinazongojea ufunguo. Mofini hutoka kwenye mmea wa afyuni. Kwa nini ubongo wa binadamu uwe na kufuli za mmea? Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, walipata jibu: mwili wenyewe hutengeneza funguo zinazofanana na mofini. Waliziita enkefalini. Baadaye zikapatikana nyingine, yaani endofini na dainofini.

Ilibaki kuuliza kama sindano za Kichina ndizo zinazozitoa funguo hizo. Hapa ndipo dawa iitwayo naloksoni ilipoingia. Naloksoni hujaza zile kufuli bila kuzifungua, hivyo ufunguo wa kweli hukosa pa kuingia. Madaktari huitumia kuwaokoa watu waliozidiwa na heroini au mofini.

Mwaka 1976, Bruce Pomeranz na mwenzake wa Toronto, Kanada, waliwapa panya naloksoni, na akupancha ikashindwa kuwatuliza. Mwaka uliofuata, David Mayer na wenzake wa Marekani walipata jibu kama hilo kwa watu waliopimwa maumivu ya meno: sindano ya Hegu iliyatuliza, naloksoni ikayarudisha. Si kila jaribio la binadamu lililofuata lilitoa jibu hilo hilo, lakini kwa wanyama limerudiwa mara nyingi.

Han akaenda mbele zaidi kwa kutumia sindano za umeme. Umeme ukipiga polepole, mara 2 kwa sekunde, mwili hutoa zaidi enkefalini na endofini. Ukipiga kwa kasi, mara 100 kwa sekunde, hutoa zaidi dainofini. Ndiyo sababu mashine nyingi za akupancha hubadilisha kasi kila baada ya muda mfupi.

Amri inayoteremka kutoka ubongoni

Katikati ya ubongo, kando ya mfereji mwembamba wa maji, kuna eneo dogo la rangi ya kijivu. Ni dogo lakini lina mamlaka makubwa. Mwaka 1969, David Reynolds alionyesha kwamba ukilisisimua eneo hilo kwa umeme, panya anaweza kupasuliwa tumbo bila nusukaputi na asionyeshe dalili za maumivu.

Eneo hilo hufanya kazi kama mkuu wa wilaya anayetuma amri kwa machifu wa chini. Amri huteremka hadi kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo hadi kwenye uti wa mgongo, kufunga lango tulilolitaja. Wajumbe wanaobeba amri hiyo ni kemikali mbili kubwa, serotonini na noradrenalini. Endofini ndizo zinazomwamsha mkuu huyo ili aandike amri. Wanyama wakizuiwa kutengeneza serotonini, nguvu ya akupancha hupungua.

Kuna pia njia nyingine, ambayo wahenga wetu waliiona mapema waliposema dawa ya moto ni moto. Mwaka 1979, watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Daniel Le Bars walieleza jinsi maumivu ya sehemu moja ya mwili yanavyoweza kuzima maumivu ya sehemu nyingine. Waganga wa mifugo walikuwa wakitumia jambo hili kwa farasi: husokota kitanzi cha kamba kwenye mdomo wa juu wa mnyama, naye hutulia akubali kutibiwa. Zamani ilidhaniwa farasi hutulia kwa sababu uchungu wa mdomo unampotezea fikira. Mwaka 1984 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya farasi hao wakakuta endofini zimepanda. Walipowapa naloksoni, kitanzi kilipoteza nguvu yake.

Kwa nini wengine hawapati nafuu?

Watu wawili wenye maumivu yale yale wanaweza kwenda kwa mtabibu mmoja siku moja. Mmoja akarudi nyumbani akitembea vizuri, mwingine asione tofauti yoyote. Sababu moja ni kwamba mwili una breki.

Breki hiyo ni kemikali iitwayo kolesistokinini. Endofini zikiwa nyingi, mwili hutoa kolesistokinini kuzipunguzia nguvu. Han na wenzake waliona kwamba panya waliochomwa sindano za umeme kwa saa nyingi mfululizo walizizoea, hata zikakosa kuwatuliza. Waliona pia kwamba panya ambao tangu mwanzo hawakusaidiwa na sindano walianza kusaidiwa breki hiyo ilipozuiwa kwa dawa.

Funzo lake kwa mgonjwa ni kwamba kuchomwa muda mrefu zaidi au kila siku si lazima kulete nafuu zaidi. Mtabibu mwenye ujuzi huziacha sindano kwa dakika kama 20 hadi 30 na kupisha siku kati ya matibabu.

Kahawa ya Nyeri na sindano

Tumezungumza juu ya ubongo, lakini kuna jambo linalotendeka pale pale sindano ilipochomwa. Mwaka 2010, kundi la Maiken Nedergaard wa Rochester, Marekani, liliwachoma panya sindano mahali pa Zusanli kwa dakika 30, wakiisokota kila baada ya muda. Kiasi cha kemikali iitwayo adenosini kando ya sindano kilipanda mara 24. Adenosini hutulia juu ya neva na kuzinyamazisha. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha adenosini hawakupata nafuu yoyote. Na walipopewa dawa inayochelewesha kuvunjwa kwa adenosini, nafuu ilidumu karibu mara 3 zaidi.

Hapo ndipo mambo yanapotuhusu sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, nchi ya kahawa na chai. Kafeini iliyo ndani ya kahawa hutuondolea usingizi kwa kuziba vipokezi vya adenosini hiyo hiyo. Mwaka 2017, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya panya waliopewa kafeini: akupancha haikuwatuliza. Kafeini ilipoondolewa, nguvu ya sindano ilirudi.

Majaribio hayo ni ya panya, wala hayatoshi kumpiga marufuku mtu asinywe kahawa. Lakini tahadhari haigharimu chochote. Mgonjwa anayekwenda kuchomwa anaweza kuiacha kahawa tangu jioni iliyotangulia, kwa kuwa nusu ya kafeini huchukua kama saa 5 kutoka mwilini. Akumbuke kwamba chai nayo ina kafeini, ingawa si nyingi kama ya kahawa. Na aliyezoea vikombe vingi kwa siku asiache kwa ghafla, bali apunguze kidogo kidogo, kwani kuacha kwa ghafla huleta maumivu ya kichwa.

Kafeini hujificha pia ndani ya vidonge. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 65 za kafeini. Humo kafeini imetiwa makusudi, kwa sababu huipa parasetamoli nguvu zaidi. Kwa hiyo kitu kile kile kinachosaidia kidonge ndicho kilichoizuia sindano kwa panya.

Je, si imani tu?

Wapo wanaosema kwamba mtu hupona kwa sababu ameamini. Swali hili limepimwa kwa wagonjwa wengi. Nchini Ujerumani, wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu waligawanywa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kundi la kwanza lilichomwa akupancha halisi. Kundi la pili lilichomwa sindano za kuigiza, zisizo za kina na zisizo mahali panapotakiwa. Kundi la tatu lilipata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi 6, walioonekana kupata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika la pili, na asilimia 27.4 katika la tatu.

Mwaka 2012, Andrew Vickers na wenzake waliunganisha majaribio 29 yenye wagonjwa karibu 18,000. Tuseme mgonjwa ana maumivu ya kiwango cha 60 juu ya 100. Bila sindano, maumivu yangeshuka hadi kama 43. Kwa sindano za kuigiza, hadi 35. Kwa sindano halisi, hadi 30.

Takwimu hizi zinasema mambo mawili kwa pamoja. Sindano husaidia, lakini sehemu kubwa ya msaada huo haitokani na mahali hasa palipochomwa. Hutokana na kuchomwa kwenyewe, kupumzika, kusikilizwa na kutarajia kupona.

Hata hivyo, kutarajia kupona si uongo wala upumbavu. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Levine, Gordon na Fields, waliwapa watu waliong'olewa meno dawa isiyo na kitu ndani. Baadhi walipata nafuu. Walipopewa naloksoni, maumivu yalirudi. Maana yake ni kwamba matumaini yenyewe hutoa endofini, kwa kupitia barabara ile ile ya ubongo tuliyoieleza. Imani na sindano hukutana njiani.

Dawa zako na sindano

Sasa tuje kwa mgonjwa wetu mwenye mfuko wa dawa mkononi.

Mofini, kodeini na tramadoli. Hizi hutumia kufuli zile zile za endofini. Mtu aliyezitumia kwa muda mrefu, kufuli zake zimezoea, na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba mnyama aliyezoea mofini hutulizwa kidogo tu na akupancha. Mgonjwa kama huyu asishangae sindano zikimsaidia kidogo. La muhimu zaidi, asiache dawa kwa ghafla ili "kuzipa sindano nafasi". Atatetemeka, atatapika na atakosa usingizi, na maumivu yatarudi kwa kishindo. Wagonjwa wa saratani wanaopewa mofini ya kunywa na hospisi, kama vile Nyeri Hospice, waendelee nayo kama walivyoelekezwa. Sindano zinaweza kuongezwa juu ya dawa hiyo daktari akikubali, lakini haziwezi kuwa badala yake.

Naltreksoni. Hii ni ndugu ya naloksoni, ila hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Hutumiwa kuwasaidia watu wanaojaribu kuacha pombe au heroini. Kwa kuwa huziba kufuli za endofini mchana na usiku, anayeitumia asitarajie makubwa kutoka kwa akupancha. Asiiache dawa hiyo kwa ajili ya mgongo, kwani kurudia pombe ni hasara kubwa kuliko maumivu ya kiuno.

Amitriptilini. Madaktari huitoa kwa maumivu ya neva, kwa mfano miguu inayowaka moto kwa mgonjwa wa kisukari. Huongeza serotonini na noradrenalini, wale wajumbe wanaoteremsha amri kutoka ubongoni. Inasafiri barabara moja na sindano, wala haiizibi.

Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki. Hizi hazigusi kufuli za endofini, hivyo hazina sababu ya kuzizuia sindano. Ubaya wa ibuprofeni na diklofenaki uko kwingine: zikimezwa kwa miezi na miezi huleta vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Ikiwa sindano zitamwezesha mtu kupunguza vidonge hivi, hapo ndipo faida yake kubwa ilipo.

Wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu isigande. Hizi haziharibu nguvu ya sindano, bali sindano ndiyo inayoweza kumdhuru anayezitumia kwa kumvujisha damu ndani ya nyama. Mwambie mtabibu kabla hajafungua pakiti.

Vidonge visivyo na jina. Baadhi ya watu wanaochoma sindano huuza pia dawa za mitishamba za kutuliza viungo. Katika nchi nyingi, dawa za namna hiyo zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni. Mgonjwa hupona haraka na kuzisifu sindano, kumbe ni dawa kali aliyomeza bila kujua. Deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari, hulegeza mifupa na hupunguza kinga ya mwili. Kidonge kisichoandikwa kilichomo ndani, usikimeze.

Kabla hujachomwa

Maumivu ni kengele. Kuizima kengele bila kuutafuta moto ni hatari. Maumivu ya mgongo yanaweza kuwa ya kifua kikuu cha mifupa au ya saratani iliyosambaa. Sindano zikiyatuliza kwa wiki kadhaa, ugonjwa nao unaendelea kula mfupa. Kwa hiyo pitia hospitali kwanza, iwe ni ile ya rufaa ya Nyeri, Consolata Mathari, Tumutumu, Chogoria au kituo kilicho karibu nawe, ujue unaumwa nini.

Usiende kwa sindano bali nenda hospitali mara moja ikiwa miguu inalegea au inakufa ganzi, ikiwa umeshindwa kuzuia mkojo au choo, ikiwa una homa, unakonda au unatoka jasho usiku, au ikiwa maumivu yako kifuani. Maumivu ya kichwa yaliyokuja kwa ghafla kama radi nayo ni ya hospitali.

Ukifika kwa mtabibu wa sindano, muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Hakikisha anafungua pakiti mpya ya sindano mbele ya macho yako, na kwamba zikishatumika zinatupwa. Sindano iliyotumiwa na mwingine inaweza kukuambukiza virusi vya ukimwi au ugonjwa wa ini wa aina ya B au C. Sindano ya kifuani ikizama mno inaweza kutoboa pafu, kwa hiyo ukikosa pumzi baada ya kuchomwa, kimbia hospitali.

Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asichomwe miguuni, kwa kuwa kidonda kinaweza kuanza asijue. Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha moyo asiunganishwe na mashine ya sindano. Mama mjamzito aseme hali yake mapema, kwani kuna sehemu za mwili ambazo watabibu huziepuka wakati wa mimba.

Andika kwenye karatasi dawa zote unazotumia, hata zile za dukani na za mitishamba, na kiasi cha kahawa na chai unachokunywa. Mpe mtabibu nakala moja na daktari wako nyingine. Kisha pima mwenyewe: kila jioni andika maumivu yako ni mangapi juu ya 10, na vidonge vingapi umemeza siku hiyo. Ikiwa baada ya kuchomwa mara 6 hadi 8 namba hazijashuka, acha, uhifadhi fedha zako. Zikishuka, mwonyeshe daktari daftari hilo, naye atakusaidia kupunguza vidonge hatua kwa hatua.